Kabla ya Mkato

Akiba huoza. Anayebisha aende akanuse chumba cha nyuma katika nyumba ya marehemu Bwana Kauli, ambako sentensi za watu zimelazwa kwenye masanduku ya mbao, kila moja imebandikwa kwenye kadi yake, gundi imegeuka rangi ya mkojo, na mende wanasoma kuliko binadamu.

Mjane wake alikuwa haingii humo ila kwa lazima. Vitabu vilivyobanana rafuni vilikuwa vizima kwa nje tu, kama mtu aliyevaa suti juu ya vidonda. Ukivuta kimoja ukakifungua, kurasa zilikukodolea matundu, vidirisha vyembamba kila mahali wembe ulipopita. Maana Bwana Kauli hakuamini kunakili. "Mkono hukosea," alizoea kusema, "wembe haukosei." Akiipenda sentensi aliikata palepale ukurasani, akaipaka gundi, akaibandika kwenye kadi. Kilichokuwa kimeandikwa upande wa pili wa karatasi kilikwenda na maji. Kililala kifudifudi ndani ya gundi, wala hakuna aliyekililia.

Hivyo ndivyo alivyochinja maktaba nzima ili apate kitabu kimoja. Na kitabu chenyewe, usiseme! Kauli za waandishi, zimepangwa kwa mada, kuanzia Aibu mpaka Zawadi. Mawakili walikuwa nacho, washereheshaji walikuwa nacho, wabunge walikuwa nacho, na kila mwanafunzi aliyetaka kuonekana amesoma bila kupata taabu ya kusoma alikuwa nacho. Vitabu vyenyewe vilivyonyofolewa hakuna aliyevitafuta tena. Nani ahangaike na ng'ombe mzima wakati maini yamekwisha kuletwa mezani?

Kwenye mada ya Ndoa, kauli ya kwanza kabisa ilikuwa ya mkewe.

Mkewe naye alikuwa mwandishi. Aliandika riwaya moja alipokuwa mwalimu kijana, kabla hajaolewa, akiandikia kwenye dawati la darasa wanafunzi wakishakwenda nyumbani. Ndani yake mlikuwa na seremala mlevi aliyemfungia mkewe ndani kwa kufuli. Siku moja seremala yule akasema, "Mke ni mlango na ukiuacha wazi hata mbwa ataingia." Mke akamjibu kwa maneno machache, akatoka, na riwaya yote iliyobaki ni mwanamke yule na barabara yake.

Wembe ulikata maneno ya seremala. Haukukata "alisema seremala mlevi." Chini ya kadi Bwana Kauli aliandika jina la mkewe kwa mwandiko wake mzuri, akamletea jikoni kama mtu aliyeleta ua.

"Nimekuingiza," alisema. "Sasa hufi tena."

"Umeniingiza wapi? Haya si maneno yangu, bwana. Haya ni ya yule mlevi."

"Uliandika, hukuandika?"

"Niliandika, lakini..."

"Basi."

"Mbona umeishia hapo? Baada ya mkato si pameandikwa nani amesema?"

Hapo ndipo alipomfundisha sheria yake, taratibu, kama anamfundisha mtoto kufunga viatu. Kilicho kabla ya alama ya mkato ni cha watu wote. Kilicho baada yake abaki nacho mwandishi mwenyewe. Kauli ndefu si kauli, ni hotuba. Na kauli, alisema, haijibiwi.

Mkewe alipokwangua ukingo wa kikaratasi kutafuta jibu la yule mke wa seremala, aliona gundi tu. Jibu lilikuwa limechapishwa upande wa pili, palepale. Lilikuwa limezama.

Ulimwengu ukaipokea ile kauli kwa mikono miwili. Washereheshaji waliipiga kwenye vipaza sauti, ukumbi ukaangua kicheko, maharusi wakainamisha vichwa. Ilichorwa kwenye kuta za saluni na nyuma ya malori. Hakimu mmoja aliisoma mahakamani alipomrudisha kwa mumewe mwanamke aliyekuja akiwa amevunjwa taya. "Na aliyeyasema haya," hakimu aliongeza, "ni mwanamke mwenzako." Yule mwanamke hakuweza kujibu kwa sababu ya taya. Lakini alimsubiri mwandishi nje ya lango la shule, na mate hayahitaji taya nzima.

Tangu hapo wakamwita Bi Mlango. Watoto walimpigia kelele barabarani, "Bi Mlango, hodi! Mbwa ameshaingia?" Wanawake waliokuwa na riwaya yake waliitupa. Nakala zilizobaki kwa mpiga chapa zikauzwa kwa kilo, zikaenda kufungia karanga. Ya mwisho iliyokuwa nyumbani ni ileile iliyopita chini ya wembe. Hakuandika tena. Mtu akishaambiwa na nchi nzima kwamba yeye ni mlango, ataandika nini? Bawaba?

Akakaa, akamlea binti yao, akafundisha mpaka akastaafu. Akanyamaza. Watu wakasema kweli, anayoyahubiri anayafuata.

*

Mwisho wa kitabu kulikuwa na sehemu ambayo Bwana Kauli aliipenda kuliko zote, Kauli za Mwisho. Ni maneno ya waandishi wakikata roho. Sharti lake lilikuwa gumu: haiingii kauli mpaka apatikane mtu aliyeisikia kwa masikio yake, naye aitoe kwa kinywa chake, na jina lake liandikwe chini kuwa ndiye shahidi. Sehemu hiyo alitaka kuifunga yeye mwenyewe.

Kwa hiyo alijiandaa. Miaka na miaka alijiandaa, na mtu wa kumsikiliza alikuwa mkewe. Mama wa watu anamkata kucha za miguu, mzee anakohoa kidogo, anasema:

"Sikiliza sasa. Jifanye nakufa."

"Haya, kufa."

"Maisha yangu yote niliiba, kama nyuki aibavyo kwenye maua, ili ninyi mlambe asali."

"Ndefu."

"Uzuri hauna urefu."

"Wenzako huwa unawakata kwenye mkato."

"Wenzangu hawakuwa na mtu wa kuwatunzia," alisema, akanyoosha mguu wa pili. "Mimi nina wewe."

Siku ikafika. Mapafu yalikuwa yamejaa maji, na daktari alishaacha kuzungumza na mgonjwa, akawa anazungumza na mkewe kwenye korido. Chumbani walikuwa wawili tu. Jua la asubuhi lilikuwa limekaa juu ya shuka. Mkewe alivuta kiti.

"Baba," alisema, maana ndivyo alivyomwita tangu binti azaliwe, "toleo jipya linakuja. Niruhusu niweke jibu chini ya ile kauli. Mstari mmoja tu."

Mzee alitikisa kichwa kwenye mto.

"Sijakuomba kitu tangu unioe."

"Kauli haijibiwi," alisema kwa shida. "Uliandika, hukuandika?"

"Niliandika."

"Basi."

Akaashiria ainuliwe mto. Akainuliwa. Akapangusa midomo kwa ulimi, akamkazia macho mkewe kama mtu anayepiga picha, akaitoa yote, nyuki, maua na asali, bila kukosea neno. Kisha akafunga mdomo, akasubiri kufa.

Hakufa.

Saa zikapita. Muuguzi alikuja kumpa maji. Mzee alikunywa, akakataa kusema asante. Alibana midomo mpaka ikawa myeupe, maana lingemtoka neno moja tu, hata "baridi," hata "choo," basi hilo ndilo lingekuwa la mwisho. Alipolowa alilala kwenye unyevu wake akitazama dari. Mkewe alimwelewa vizuri sana. Hakumsaidia wala hakumwuliza. Aliendelea kufuma kitambaa chake.

Mchana binti yao akaingia akihema, viatu mkononi, kwa sababu lifti ya hospitali ilikuwa mbovu. Huyu ndiye aliyekuwa mboni ya jicho la baba yake. Alifundisha fasihi katika chuo kilekile alichofundisha baba, na alikuwa mhariri wa toleo jipya. Akapiga magoti kando ya kitanda.

"Baba, nimefika. Niambie kitu."

Mzee akatikisa kichwa.

"Neno moja tu, Baba. Jina langu tu."

Machozi yalimtoka mzee, yakaingia masikioni. Midomo ilibaki imebanwa. Binti alimwomba, akamshika mkono, akamtikisa bega, mwisho akamfokea kama mtoto aliyefungiwa nje. Mzee akatikisa kichwa, akatikisa kichwa, mpaka kichwa kikakoma.

"Kwa nini?" binti alimgeukia mama yake. "Nimemkosea nini?"

"Hujamkosea. Alishasema."

"Alisema nini?"

"Nitasema ukiniuliza kwa ajili ya kitabu," alijibu mama, akafunga uzi kwa fundo, akaukata kwa meno.

*

Wakaja kumwuliza kwa kitabu. Binti alikuja na mchapishaji, mwanamume mnene mwenye manukato ya kumfanya paka apige chafya. Walikaa sebuleni. Simu ikawekwa mezani irekodi. Kila mtu alikuwa anaisubiri kauli ile. Mchapishaji alikwisha kuitangaza redioni, na ukumbi wa chuo ulikuwa unapakwa rangi ili uitwe kwa jina la marehemu.

"Mama," alianza mchapishaji, "shahidi ni wewe peke yako. Taifa limetega sikio. Mzee alituachia nini?"

Binti alikuwa ameshika kingo za kiti. Hakuwa anauliza kwa niaba ya taifa. Alitaka kujua ni maneno gani yale yaliyokuwa na thamani kuliko jina lake.

Mjane alinyoosha gauni magotini.

"Alisema: Maisha yangu yote niliiba."



"Maisha yangu..." Mchapishaji alisogeza simu karibu. Kisha uso ukamchanua kama mtu aliyeokota pochi. "Mama yangu wee! Hiyo... hiyo itauza! Mkusanyaji mkubwa anaungama kitandani! Watagombania!"

"Ndiyo yote?" binti aliuliza polepole.

"Ni yote kabla ya mkato."

"Mkato gani tena, Mama?" Mchapishaji alicheka, akachukua simu yake. "Hapo ni nukta, tena nukta safi!" Akaondoka haraka kabla mtu hajabadili mawazo.

Binti alimfuata mama yake jikoni. Mama alikuwa ameshawasha jiko na kubandika maji.

"Kuna mengine. Umesema kuna mkato. Baada yake kuna nini?"

"Kitu kizuri."

"Mama, nipe."

"Nitakupa. Kwanza kanitolee ile kadi yangu chumbani. Ya Ndoa. Uiloweke kwenye bakuli la maji ya moto mpaka gundi iachie. Nyuma yake kuna jibu la yule mke. Ukiliweka jibu chini ya kauli, kwenye toleo lako jipya, na mimi nakupa ya baba yako mpaka nukta ya mwisho."

Binti alikaa kwenye kigoda. Kwa dakika nzima alionekana kama atafanya hivyo.

"Ile ndiyo kadi namba moja ya Ndoa," alisema hatimaye. "Chuo wanataka kuiweka kwenye kioo. Tukiiloweka, wino wa baba utatoka. Mwandiko wake."

"Utatoka."

"Na kauli yenyewe inajulikana, Mama. Watu wameizoea hivyo. Huwezi kuijibu sasa, itakuwa kama... kama kujitetea. Watakucheka."

"Wameshanicheka. Nimezoea."

"Si ungeandika makala tu ukaeleza? Nitakusaidia kuiandika."

"Bi Mlango aandike makala." Mama alicheka kidogo, kicheko kikavu. "Unajua wanafunzi wako wananiitaje?"

"Najua."

"Unawakataza?"

 Maji yakaanza kuchemka.

"Baba hakutaka kauli iwekewe jibu," binti alisema. "Siwezi kwenda kinyume naye, hata udongo haujakauka. Usinilazimishe."

"Sikulazimishi." Mama alizima jiko. "Kauli haijibiwi."

Binti alijaribu kuizuia kauli ile. Alimwambia mchapishaji kwamba haikukamilika. "Sawa," mchapishaji alijibu, "niletee iliyokamilika na jina la shahidi, nitaichapa. Wewe ulisikia nini pale kitandani?"  Binti alitikisiwa kichwa tu.

*

Siku ya uzinduzi mchapishaji alitundika bango kubwa mbele ya ukumbi, picha ya Bwana Kauli ameshika kidevu, na chini yake kwa herufi nene: MAISHA YANGU YOTE NILIIBA. Mkuu wa chuo aliposimama kuhutubia, akiwa ameligeuzia bango mgongo, akasema, "Sisi sote hapa ni wanafunzi wake," ukumbi ulilipuka kwa kicheko mpaka yeye mwenyewe akageuka kuangalia. Mjane alikuwa kiti cha mbele. Alipiga makofi kwa adabu.

Halafu mambo yakaharibika kwa kasi ya maziwa juani. Waandishi wazee, ambao hakuna aliyejua kama bado wako hai, walijitokeza magazetini kudai sentensi zao. Mmoja alisema kitabu chake kilipotea maktaba akakikuta baadaye kina matundu kama kichujio. Maktaba ikafungua vitabu vyake, ikakuta mengi zaidi. Washereheshaji wakapata mzaha mpya, na wa zamani wakausahau. Mafundi waliolipaka jina la ukumbi walirudi na ngazi ileile kulifuta, ila rangi nyeupe haikushika vizuri na jina likawa linaonekana kwa chini, kama kovu. Na darasani, binti alipogeukia ubao, sauti kutoka nyuma ilisema, "Mwalimu, chunga chaki, usije ukaondoka nayo." Walimwita Binti Mwizi. Jina lilimkaa upesi, kama lake lilivyomkaa mama yake.

Mchapishaji peke yake ndiye aliyenenepa zaidi.

Jumapili moja asubuhi binti alikwenda kwa mama yake bila kubisha hodi. Alipitiliza mpaka chumba cha nyuma, masanduku yakasikika yakivutwa, akatoka na kadi. Akachukua bakuli jikoni, akamimina maji ya moto kutoka kwenye chupa, akaitumbukiza kadi mbele ya mama yake.

Walikaa wakitazama. Wino wa Bwana Kauli ulitoka kwanza, ukapanda juu kama moshi wa buluu, jina la mkewe likayeyuka. Kisha gundi ikaanza kulainika. Kikaratasi kikajikunja pembeni, kikabanduka. Binti alikinyanyua kwa kucha, akakigeuza kwa uangalifu wa mtu anayegeuza mtoto mchanga.

Upande wa nyuma ulibaki kwenye kadi. Ukungu wa gundi, vipande vya herufi, uji mweupe. Alipougusa kwa kidole ukatoka kama ngozi ya maziwa.

"Hakuna kitu," alisema.

"Hakuna."

"Yule mke alisema nini?"

Mama hakuwa amelitamka jibu lile kwa sauti tangu alipoliandika. Lilitoka bila kutafutwa.

"Alisema: Basi leo mlango umeng'oka, kaa na tundu."

Binti alitikisa kichwa, akacheka na kulia pamoja. "Ni nzuri, Mama. Wallahi ni nzuri kuliko ile ya kwanza."

"Najua."

"Nimeloweka. Umeona nimeloweka. Sasa nipe ya baba. Sitaichapa, sitamwambia mtu. Nataka kujua mimi tu alinyamaza kwa ajili gani. Alilia yule, Mama. Alinitazama akilia, akashindwa kuniita jina langu. Nipe nilale usingizi."

Nyuki alikuwa palepale, kwenye ncha ya ulimi. Ua lilikuwepo, asali ilikuwepo. Ilikuwa sentensi moja tu, na yeye peke yake duniani ndiye aliyekuwa nayo. Mjane aliionja. Alimwona binti yake amekaa na mikono imelowa gundi ya baba yake, macho yamevimba, mtu mzima mwenye mvi za kwanza. Akamwona tena siku ile kwenye kigoda, akisema watu wameizoea hivyo.

Akaimeza.

"Umechelewa," alisema.

"Mama!"

"Nilikuomba wakati jibu lingesaidia. Hukuloweka. Umeloweka leo kwa sababu sasa wewe ndiye unayechekwa."

"Umemuua mara ya pili. Na mimi umenizika naye." Binti alisimama, kigoda kikaanguka. "Umemfanya mwizi mbele ya dunia nzima, na unajua si hivyo alivyomaanisha!"

"Alisema, hakusema?"

"Usinifanyie hivyo."

"Alisema, hakusema?"

"Alisema, lakini..."

"Basi. Sikumwongezea hata neno. Nimemtunza kama yeye alivyonitunza mimi."

Binti alipangusa uso kwa kiganja, gundi ikambaki shavuni. Aliposema tena sauti ilikuwa imeshuka, ya mtoto kabisa.

"Basi niombe radhi. Yeye hayupo, sawa, muache. Mimi niombe radhi. Neno moja tu, Mama, halafu tuyaache."

Mama aliokota kigoda, akakisimamisha mahali pake.

"Siombi radhi," alisema. "Na hilo bakuli lioshe kabla hujaondoka."